Siku Muuaji wa Redioni Alipoteremka Bukene

Juzi nilimkuta mjukuu wangu ametoa betri za rimoti ya televisheni, amezianika dirishani kwenye jua. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akanijibu hakufundishwa na mtu, rimoti imegoma na yeye anataka katuni zake. Nikacheka, nikaziokota. Zilikuwa za moto, na bila kufikiri nikazipeleka puani. Msinicheke. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu ile, harufu ya chuma kilichopata joto, na dawa, na karatasi iliyolowa ikakauka. Huenda ninyi inawakumbusha muziki na taarifa ya habari. Mimi ilinirudisha stesheni ya Bukene. Nikakaa kwenye kochi, mtu mzima na mvi zangu, betri bado mkononi, na mtoto ananiuliza, "Babu, zimejaa?"

Na mimi si mtu wa kuogopa. Waulizeni Tabora nzima. Nimesoma mpaka darasa la nne, nikatoka na kujumlisha na kutoa, na kwa hesabu hizo mbili nimejenga nyumba tatu, mbili Mtendeni na moja Ipuli, nina mashine za kukoboa mpunga, nina lori linalokwenda Usinge na kurudi bila mimi kunyanyua mguu. Televisheni yenyewe hiyo ni pana kama mlango wa ghala. Nimewahi kulala chini ya lori porini siku tatu, ekseli imekatika, fisi wanazunguka, na mimi nawatukana kwa majina. Wenye digrii zao wanakuja barazani kwangu kuniuliza njia ipi inapitika masika. Lakini hofu niliyoipata nikiwa mtoto, mwaka ule wa redio, sijaona nyingine ya kuifikia, na mpaka mwaka huu nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu.

Wakati huo tulikuwa tunakaa kwenye mistari. Zamani kila ukoo ulikaa kwake, na ng'ombe wake na shamba lake, nyumba hii haisikii jogoo wa nyumba ile. Kwao Mama kulikuwa kando ya njia ya wapagazi, ile ambayo mababu walipita na pembe mabegani kwenda pwani, wakarudi na nguo. Halafu yakaja malori ya serikali. Tukahamishwa na vyungu vyetu na kuku wetu, tukapangwa kwa mistari iliyonyooka kama maharage shambani, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka stesheni ya Bukene. Kule tulikotoka pakabaki mahame. Kuta bila paa, maboga yanayojiotea yenyewe, na fisi. Watoto tulikatazwa kukanyaga huko, na wala hatukuhitaji kukatazwa mara mbili.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mgeni yeyote akilala kwenye mstari wetu, hata awe shangazi wa mtu kaja kujifungua, ilikuwa lazima aletwe kwa Baba aandikwe kwenye daftari. Jina, atokako, amefuata nini, ataondoka lini. Baba aliandika polepole, ncha ya ulimi nje, mgeni amesimama anangoja. Kwa hiyo kwangu mimi Baba hakuwa mtu wa kutania. Alikuwa serikali iliyovaa kaptura.

Na serikali hiyo ilikuwa na redio. Ilikuwa moja tu katika nyumba zetu kumi, ya mbao, imevishwa kitambaa Mama alichokidarizi maua. Betri zilikuwa hazipatikani, mnakumbuka, unaweza kukaa miezi duka la kijiji lina majembe na chumvi tu. Zikiishiwa nguvu Baba alizitoa, akazipanga kwenye ungo, akaziweka juani tangu asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kukaa hapo na fimbo nifukuze mbuzi. Ndiyo maana harufu ile imeniingia. Jioni redio ilisikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, lakini ilisikika.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kulikuwa na mchezo. Uani kwetu palijaa watu, wanaume kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, na Bibi Nyamizi, mama yake Mama, kwenye kitanda cha kamba mlangoni, maana alikuwa hajiwezi. Mchezo ulikuwa wa muuaji. Mtu mwenye adabu sana. Alipita nyumba hadi nyumba kwenye watu wagonjwa, akijifanya ndugu wa mbali, na kila alipobisha hodi alisema maneno hayo hayo: "Nimekuja kumpa pole mgonjwa." Halafu anatoa kitu kitamu mfukoni. Keshoye mgonjwa amekufa. Kwetu uani tulimwita Mzee wa Pole. Alama zake zilikuwa tatu, na mimi nilizijua kuliko nilivyozijua herufi: koti refu, kikohozi kikavu, na mkono wa kushoto uliokatika vidole viwili, ambao huuficha mfukoni. Inspekta aliyekuwa anamfuatilia aliitwa Songoro, na Baba alimpenda Songoro kama mtu aliyecheza naye utotoni.

Sasa elewa kichwa cha mtoto. Sauti ilitoka kwenye kisanduku kile kile kilichotuambia rais yuko ziarani na bei ya pamba ni kiasi gani. Baba alitwambia redio haisemi uongo. Hakuna mtu aliyenikalisha chini akaniambia kwamba baada ya taarifa ya habari uongo unaruhusiwa.

Jumapili ninayoisema, Songoro alikuwa amemfikia. Pale stesheni ya Dar es Salaam, watu wengi, kengele inagongwa. Tunasikia kikohozi. Tunasikia Songoro anasema, "Simama hapo ulipo." Baba amesimama, mikono hewani. Halafu treni ikalia, vishindo, kelele, na sauti ya msimulizi ikasema kwa utulivu kabisa kwamba Mzee wa Pole alirukia treni ya bara, mlango ukafungwa, na Songoro akabaki kwenye jukwaa akiangalia moshi. "Na hapo ndipo mchezo wetu ulipofikia mwisho. Wiki ijayo tutawaletea mchezo mpya."

 

"Mwisho?" Baba akasema. "Mwisho gani?"

"Mwisho, Balozi," akasema Mzee Limbu, jirani yetu, mtu wa kejeli ambaye hata msibani hafungi mdomo. "Wamekwisha kula posho yao, wameondoka."

"Miezi minne! Miezi minne naanika betri kama dagaa! Nimeacha kikao cha pamba kwa ajili ya huyu Songoro!" Baba aliipiga redio kofi, maua ya Mama yakaruka. "Mtu kaua wazee saba, wewe unamwangalia anapanda treni? Bila hata kupiga filimbi? Mjinga mkubwa! Na wanatuletea huku! Kwao wamemshindwa, wanatupa sisi wa bara!"

"Treni ya bara inapita Bukene," Mzee Limbu akasema.

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ametoka jasho. Alichukua daftari la wageni, akaligonga na penseli kama afanyavyo kwenye mikutano, akatangaza:

"Ndugu wananchi. Nyumba kumi zinisikilize. Kuanzia leo, mtu yeyote akiteremka Bukene, ana koti refu, anakohoa, vidole pungufu, anauliza nyumba ya mgonjwa, asionyeshwe! Mwelekezeni mahame, akawape pole fisi!"

"Na akija na barua ya chama, Ndugu Balozi?"

"Hata aje na barua! Atakayemleta hapa kwangu, nitamwandika yeye!"

Walicheka mpaka wanawake wakafuta machozi kwa ncha za khanga. Bibi naye alicheka kitandani, taratibu, mbavu zikimwuma. Mimi peke yangu sikucheka. Nilimwangalia Bibi nikapiga hesabu, maana hesabu nilianza mapema. Mgonjwa katika mstari wetu alikuwa mmoja tu. Na treni ikitoka Dar es Salaam Jumapili jioni, ilikuwa Bukene Jumanne mchana.

Jumatatu sikula. Nililala nimejibana kwenye kitanda cha Bibi, nikisikia pumzi yake inavyokwaruza, na kila mtu akikohoa njiani roho inaniruka. Bibi alidhani nina homa. Alinipapasa kichwa akaniambia kwa Kinyamwezi kwamba Mihayo akija ataniletea dawa ya mjini.

Mihayo alikuwa mjomba wangu, kaka yake Mama, mtoto pekee wa kiume wa Bibi. Alikwenda kukata mkonge Tanga kabla sijazaliwa na hakuwahi kurudi. Tulikuwa na picha yake ukutani: kijana mrefu, mnene wa mashavu, shati jeupe, nywele zinang'aa, mikono yote miwili ameiweka magotini kama tajiri. Mama alikuwa amempigia telegramu, na maneno yake nilikuwa nayajua kwa moyo kwa sababu aliyarudia kila siku, akihofia hayakutosha: *Mama mgonjwa sana njoo tumehamia kijijini uliza stesheni.* Baba alikwishakwenda kupokea treni mara tatu, mjomba hayumo.

Jumanne Bibi aliamka hazungumzi vizuri. Macho yake yalikuwa mlangoni tu. Mlango ukitiwa giza na mtu yeyote, anauliza, "Mihayo?" Baba akakimbilia kumtafuta mganga wa zahanati. Mama hakuweza kutoka. Akanishika mabega.

"Nenda stesheni, baba. Kamwangalie mjomba wako. Akiteremka mlete mbio, usicheze njiani."

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Treni? Wewe?"

Nikataka kumwambia. Lakini ningemwambiaje, Bibi anasikia, kwamba anayekuja leo anamfuata yeye?

"Utamjua tu," Mama akasema. "Ni mrefu, kama kwenye picha. Nenda."

Njia nzima nilikimbia na kusimama, kukimbia na kusimama. Nilifika stesheni treni inaingia, na mvuke ule, na wanawake wa karanga wanapiga kelele madirishani. Nikajificha nyuma ya magunia ya mpunga. Wakateremka watu. Nikamtafuta kijana mnene wa shati jeupe. Hayumo. Wakateremka askari wawili, mama na mapacha, mzee na jogoo. Halafu, behewa la mwisho, nikasikia kabla sijaona. Kikohozi kikavu.

Alikuwa mtu mwembamba, mashavu yamebonyea, koti refu linampwaya katika jua lile. Begi dogo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto mfukoni.

Naandika haya kwenye meza yangu mwenyewe, feni inazunguka, na vidole vyangu vina jasho.  Akaniona. Akaja moja kwa moja kwangu, kama aliyeagizwa.

"Mtoto, hujambo?"

Nikarudi nyuma mpaka magunia yakanizuia.

"Hee! Siku hizi Bukene watoto hawaamkii wakubwa?" Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, akautoa mkono mfukoni kujiziba mdomo. Vidole viwili havipo. Ngozi imekunjamana hapo kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba.

"Shikamoo," nikasema. 

"Marahaba. Wa nyumba kumi zipi wewe? Haya, sikiliza, unamjua Bibi Nyamizi? Mama yake Kalunde?"

Kalunde ni Mama. Alilijua mpaka jina la Mama.

"Namjua."

"Yuko hai?" Aliniinamia, macho mekundu. "Sema basi. Nimekuja kumpa pole."

Nakwambia, dunia ilinyamaza. Sikusikia tena treni wala wanawake wa karanga. Nilisikia tu sauti ya Baba na penseli inavyogonga daftari.

"Yuko hai," nikasema.

Akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu. Mimi nikaona muuaji anafurahi.

"Nimeambiwa wamehamishwa. Ni upande gani huko kijijini?"

"Walirudi," nikasema. Sijui maneno yalitoka wapi. Leo watu wananisifu kwamba mimi kwenye biashara siwezi kukamatwa ulimi, na wanadhani ni kipaji kizuri. "Bibi alipoumwa alikataa kijiji. Alitaka kufia kwake. Wako kule kule kwa zamani, njia ya wapagazi."

Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Ndivyo alivyo. Yule hahamishiki." Akatazama upande wa mahame kama mtu anayeijua kila kona. "Basi afadhali, sihitaji hata kuelekezwa. Asante, mwanangu."

Akaweka begi chini, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa gazeti, akanipa. Kashata za nazi. Kitu kitamu kutoka mfukoni. Nilipokea kwa mikono miwili, maana hofu haikunisahaulisha adabu zote. Akaondoka, kwa haraka, koti linapepea.

Nilizitupa zile kashata kando ya reli kama nimeshika kaa la moto. Halafu nikachutama kutazama. Sisimizi walikuja, mmoja, kumi, msululu. Nikawangoja wafe. Walikula. Walivunja vipande, wakavinyanyua juu ya vichwa vyao, wakavibeba kwenda zao, wazima kabisa, wenye nguvu. Nikangoja tena. Sisimizi hawakufa.

Hapo ndipo hofu yangu ilipogeuka ikawa nyingine. Nilinyanyua kichwa. Alikuwa bado anaonekana, mbali, kidoti cheusi kwenye njia ya wapagazi. Sauti yangu ingemfikia. Nilikuwa na mapafu ya kuchunga ng'ombe. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikajiambia Baba ameagiza. Nikajiambia pengine sumu ni ya binadamu tu. Kidoti kikaingia vichakani.

Nyumbani Mama alinikimbilia uani. "Mjomba wako?"

"Hakuteremka."

Aliniangalia kidogo, akarudi ndani. Jua lilipokuwa linashuka Bibi aliuliza tena, "Mihayo?" na mlangoni hapakuwa na mtu, lilikuwa wingu tu limepita. Hakuuliza tena. Kabla watu hawajawasha taa, Mama alitoka nje akakaa chini kwenye vumbi, akatoa kile kilio ambacho kila nyumba kwenye mistari ilijua maana yake.

Asubuhi uani pamejaa. Wanaume wamekwishaanza kuchimba. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya kihenge cha mtama, na ndiye niliyemwona kwanza, anakuja kutoka upande wa mahame. Koti kalibeba begani. Miguu imechanwa na miiba. Midomo imepasuka, ina damu iliyoganda. Hakuwa anakohoa tena, alikuwa anapumua tu. Nikajikunja nikawa mdogo kama yai. Muuaji amegundua nimemdanganya, sasa amekuja.

Mama akainua uso. "Kaka," akasema.

Neno lile moja. Sijapigwa na kitu kizito kama kile mpaka leo, na nimeangukiwa na magunia.

Yeye hakuinuka kumpokea. "Umefika," akasema. "Umefika kuzika."

Mjomba akasimama katikati ya uani, begi likamtoka mkononi.

"Treni ilikuwa jana mchana, mgeni," akasema Mzee Limbu, na safari hii bila kejeli. "Ulilala wapi?"

"Nilikwenda kwa zamani."

"Kwa zamani!" Mama akapaza sauti. "Tulikuandikia tumehama! Tulikuandikia uulize stesheni!"

Macho ya mjomba yalizunguka uani, polepole, uso hadi uso, yakashuka chini ya kihenge. Akaniona. Tukatazamana. Nilijua nimekufa. Nilimwona ananitambua, nikamwona anaangalia sura yangu, ambayo kila mtu husema ni ya Mama mtupu, nikamwona anaelewa mimi ni nani.

"Nilisahau," akasema.

"Ulisahau. Ukashindwa kuuliza hata mtoto?"

"Sikukuta mtoto."

"Nilimtuma huyu hapa akungoje!"

"Nilishukia upande wa pili wa behewa, Kalunde. Tulipishana."

Mama akanigeukia. "Hukumwona mjomba wako?"

Nikatikisa kichwa. Baba alikuwa ametoka kaburini, jembe mkononi, udongo mpaka magotini. Alisikia neno "zamani". Aliuangalia mkono wa kushoto wa mjomba, akaniangalia mimi, akaangalia jembe lake.  Alirudi kuchimba, na hata mjomba alipokaa kwetu siku tatu, Baba hakumwandika kwenye daftari.

Siku tatu hizo Mama hakumpa kaka yake mkono. Alimpelekea chakula, akakiweka chini, akaondoka. Nilimsikia akiwaambia wanawake: mama amemwita mpaka pumzi ya mwisho, na yeye miguu yake inazikumbuka kuta za zamani, haimkumbuki mama.

Siku ya kuondoka mjomba akasema mtoto amsindikize. Nilibeba begi. Tulitembea mpaka mistari ikaisha.

"Ulikuwa unanijua?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia. Yote: Songoro, treni, koti, vidole, tangazo la Baba, sisimizi. Nilisema nalia, kamasi zinaingia mdomoni. Akacheka. Alicheka akasimama, akajishika magoti, na kicheko kikabadilika katikati nisijue kimekuwa nini. Alikaa pembeni ya njia muda mrefu, amefunika uso kwa ule mkono. Mashine ya mkonge ndiyo iliyovichukua vile vidole, aliniambia baadaye, mwaka wa kwanza tu, na ndiyo maana hakurudi, aliona haya kumletea mama yake mkono nusu.

"Na huyo muuaji walimkamata?" akauliza mwishowe.

"Bado, mjomba."

Akainuka, akajipangusa. "Mama yako usimwambie."

"Lakini amekukasirikia."

"Mimi nina treni ya kupanda. Wewe unabaki naye."

Sikumwambia. Nimekuwa mtu mzima, nimeoa, nimejenga, nimemleta Mama Tabora nikampa chumba chenye choo ndani, sikumwambia. Barua za mjomba zilikuja, mimi ndiye niliyemsomea, na kila nikimaliza alisema, "Weka huko." Nilikwenda kwake Korogwe mara mbili na lori. Alinikaribisha, akaniuliza habari za mashine zangu, nikajisifu mpaka usingizi ukamchukua. Hakuwahi kurudia jambo lile.

Mwaka huu wakapiga simu, amefariki. Nikampelekea Mama habari uani, alikuwa anamenya karanga. Nikamwambia gari lipo tayari, kesho mchana tutakuwa Korogwe, wanatungoja tuzike.

"Mimi huyo nilimzika siku moja na mama yangu," akasema. "Nenda wewe."

Nikavuta kigoda. Mimi ninayewapandisha watu bei wasiyoitaka wakashukuru, sikujua pa kuanzia. Nikaanzia na redio. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kumenya, ganda huku, karanga kule, mpaka nilipofika kwenye kile kidoti cheusi kinachoingia vichakani na mimi nimefunga mdomo. Hapo mikono ikasimama.



"Kisima cha kule walikuwa wamekifukia," akasema. "Siku ile ya malori. Maji alikunywa wapi?"

"Hakunywa, Mama."

Akakung'uta maganda kwenye khanga. Nilinyoosha mkono nimsaidie kuinuka, akainuka mwenyewe.

"Washa gari," akasema. "Na usiniongeleshe mpaka tufike."

Kutoka Tabora mpaka Korogwe ni safari ya kuchosha, na mimi, mnanijua, ni mtu wa maneno mengi. Sikufungua mdomo.